Aliyepokea feza yetu ndiye atakayeirudisha



Miye ni kesia wa koperative moja upande wa Kasongo. Tunalima mpunga, karanga na muhogo, kama ninyi wengi. Leo sitasema juu ya mbegu wala bei ya mchele. Nitasema juu ya pompi 14 za kupuliza dawa, na juu ya feza yake ambayo sehemu ilirudi na sehemu ikapotea. Na nitasema juu ya nini ninaona ile iliyopotea tuliipoteza sisi wenyewe.

Zile pompi tulizinunua kwa telefone. Munajua ginsi mambo yanafanyika siku hizi. Mchuuzi yuko mji mwingine, ana kundi lake la WhatsApp, anatia foto, anatia bei, anatia namba ya kutumia feza. Huku kwetu yuko na kijana anayeandika komande na kupokea mizigo. Pompi za mgongoni za lita 16, dola 25 moja. Tulituma dola 350 kwa telefone, zikafika kwa piki-piki, safari mbili kwenye matope, na usafirishaji ukatula dola 70 zingine. Kila mwanamemba alichukua ya kwake, akashukuru, akaenda nayo shambani.

Miezi miwili ikapita. Siku moja tangazo likatoka kwenye lile kundi, mistari minne ya Kifaransa: pompi za loti fulani zisitumiwe tena, juu zinapasuka pale chini ya tanki na dawa inavuja; mwenye kuwa nayo airudishe, atapewa feza yake. Tangazo lilikaa siku mbili, halafu likafunikwa na foto za viatu na paneli za jua. Lau si binti wa mwanamemba mmoja, anayesoma sekondari na anayependa kusoma kila kitu, hata leo tusingejua.

Wakati huo mzee mmoja wa kwetu alikuwa amekwisha kuungua mgongo. Ngozi ilikuwa inabanduka. Yeye alifikiri ni jasho na uzee. Mke wake alikuwa anampaka mafuta ya mawese.

Tukakusanya pompi zote. Namba ya loti ilikuwa pahali pawili: kwenye karto, na kwenye etiketi ya karatasi chini ya tanki. Ndipo shida ilianza. Pompi tisa zilikuwa na namba inayosomeka. Tano hazikuwa nayo: etiketi ilitoka na maji, na karto watu waliwashia moto. Moja kati ya zile tisa iliponea kwa bahati tu, juu mama mwenyewe alikuwa amefanya karto yake kuwa nyumba ya vifaranga, na namba ilikuwa bado inaonekana pembeni. Vifaranga vilimwokolea mama yule dola 25.

Yule kijana wa komande tulipomwendea alisema, "Miye ni mpatanishi tu, ulizeni bosi." Bosi akasema kwa telefone, "Miye ninauzisha tu, ulizeni kampani." Kampani ni jina kwenye karto, na namba ya inchi ambayo hakuna kati yetu aliyefika. Wiki tatu tulizungushwa namna hiyo. Kila mwanamemba alikuwa anapiga telefone yake peke yake, anapewa jibu lake peke yake, na mwisho anachoka.

Hapa ndipo ninataka kusimama kidogo, juu neno hili la "miye ni mpatanishi tu" si la Kasongo peke yake. Soko kubwa la intaneti la dunia nzima, Amazon, lilisema neno lile lile. Katika Julai 2024, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliamua kwamba kwa vitu ambavyo Amazon yenyewe inaviweka ndani ya bohari zake na kuvituma kwa wateja, hata kama muuzaji ni mtu mwingine, Amazon ni msambazaji, na inabeba wajibu wa kuwajulisha wanunuzi na kuwarudishia feza. Ilikuwa habari ya vitu zaidi ya 400,000: vyombo vya kugundua hewa ya sumu ambavyo havilii, vyombo vya kukausha nywele visivyo na kinga ya umeme, nguo za kulalia za watoto zinazoshika moto haraka. Amazon haikukubali, na katika Machi 2025 ilipeleka ile tume mahakamani. Basi kama tajiri wa namna ile anajitetea kwa kusema yeye ni meza tu na si mchuuzi, tusishangae kijana wa Kasongo naye akisema vile.

Lakini tusikubali. Miye msimamo wangu ni huu: aliyepokea feza yetu ndiye atakayeirudisha. Kama yeye naye alinunua kwa mwingine, aende kudai kule. Sisi hatumjui yule wa nyuma, hatukumtumia hata franga moja.

Na sheria yetu haiko mbali na hapo. Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo ni ya zamani kuliko babu zetu wengi na bado inafanya kazi katika Kongo, inasema muuzaji anajibu juu ya kasoro iliyofichika ndani ya kitu alichouza. Mnunuzi anachagua: arudishe kitu apate bei yake, ao akae nacho apate sehemu ya bei. Ila adai kwa muda mfupi, asilale. Tena tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna sheria ya mambo ya numeriki, namba 23/010, inayogusa pia biashara ya kwenye intaneti na kumtaka muuzaji ajitambulishe: ni nani, na anapatikana wapi. Mtu anayeuza kwa foto na namba ya telefone tu, bila jina wala adresi, tayari haiko sawa na sheria hiyo.

Sisemi tukimbilie tribinali. Kwa pompi moja ya dola 25, nauli na makaratasi vinakula feza yote kabla hakimu hajakaa. Ninasema tujue kwamba tunapodai hatuombi sadaka.

Kwetu mambo yalibadilika siku tulipoacha kupiga telefone mmoja mmoja. Sekretere aliandika barua moja kwa jina la koperative, yenye kashe. Ndani yake: tarehe tuliyotuma feza, namba ya shughuli kutoka kwenye ujumbe wa telefone, namba za loti za pompi tisa, foto za zile zilizopasuka, foto ya mgongo wa mzee (alikubali mwenyewe), na tangazo lao wenyewe, lile ambalo yule binti alikuwa amelichukua foto kabla halijapotea. Kopi tulimpa inspekta wa kilimo wa teritware. Yule kijana alitia saini kwamba amepokea. Na mama prezida wetu aliongeza mdomoni, kwa upole, kwamba msimu unaokuja tuko na komande kubwa kuliko ile, na kwamba anajua maprezida wa koperative zingine tatu.

Baada ya siku kumi feza ilianza kurudi. Dola 225, kwa mara mbili. Usafirishaji hatukurudishiwa. Zile pompi tano zisizo na namba, hakuna kitu: dola 125 zimekwenda.

Wengine walimkasirikia mchuuzi juu ya zile tano. Miye hapana. Yeye hakuweza kujua kama ni za loti ile ao si zake. Kitu kinapoitwa kirudi, hakiitwi kwa jina lake, kinaitwa kwa namba. Mukumbuke habari ya dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin, katika Aprili 2024. Nigeria ilipima na kukuta sumu ndani yake, halafu Kenya, Tanzania, Rwanda, Zimbabwe na Afrika ya Kusini, kule ilikotengenezwa, nazo zikachukua hatua. Chupa za dawa ile zilikuwa nyingi katika maduka na nyumba za watu. Kilichotenganisha chupa ya kutupa na chupa nyingine kilikuwa loti 329304. Mama aliyekuwa amebandua etiketi hakuwa na njia ya kujua amemnywesha mtoto nini.

Basi zile namba ndogo ndogo ambazo hatuzisomi, zilizoandikwa kando ya tarehe, ndizo zenye feza yetu.

Mfano mwingine unatugusa karibu zaidi, juu ni wakulima kama sisi. Kenya, mwanzo wa 2024, wakati wa kupanda msimu wa mvua ndefu, ilionekana kwamba mbolea fulani zilizouzwa kwa bei iliyopunguzwa na serikali, ndani ya mabohari ya bodi ya nafaka ya taifa, hazikuwa mbolea inavyotakiwa. Waandishi wa habari walizifuata, shirika la viwango likazipima, mifuko ikakamatwa. Kelele zilifika mpaka bungeni: Mei 2024 wabunge wengi walipiga kura ya kumtoa waziri wa kilimo, halafu kamati iliyochunguza ikasema mashitaka hayakuthibitishwa. Hayo ya siasa tuwaachie wenyewe. Miye ninatazama kitu kimoja. Serikali ilitangaza kwamba wakulima walionunua mifuko ile watapewa mingine iliyo mizuri. Na iliweza kusema "wakulima walionunua" juu iliwajua. Kule, ili upate mbolea ya bei ile, unaandikishwa kwanza, na ruhusa ya kununua inakuja kwenye telefone yako. Jina lako liko, idadi ya mifuko yako iko. Hakuna aliyepaswa kuapa kwa Mungu kwamba alinunua.

Tazama sasa kwetu. Kama kesho inasikika kwamba dawa ya panzi iliyouzwa sokoni Kasongo katika mwezi wa tisa ni mbaya, ni nani atakayejua nani alinunua? Mchuuzi hana daftari. Mnunuzi hana karatasi. Muko na neno tu.

Lakini ninasema pia, hata wale wakulima wa Kenya waliorudishiwa mfuko hawakurudishiwa mvua. Ukipanda mahindi na kitu ambacho si mbolea, mfuko mpya unapofika mahindi yamekwisha kuwa ya njano. Ndiyo maana kwa mbegu miye sipendi hata kufika kwenye kudai. Mbegu ikifika, hesabu punje 100, zifunge ndani ya kitambaa kibichi, ngoja siku saba, hesabu zilizoota. Kama hazifiki 80, usipande, piga foto, andika barua siku ile ile. Kitambaa ni bure. Kwa pompi vilevile: tungetia maji matupu tu na kuipiga robo saa uani, labda zingine zingevuja mbele ya macho yetu na si juu ya mgongo wa mzee.

Katika mkutano wetu mkuu uliopita nilisimama nikapendekeza kitu, na ninakipendekeza kwenu vilevile. Kila komande ya telefone ya mwanamemba ipitie kwa koperative. Si kumnyima mtu uhuru. Kama unataka kiatu chako, nunua. Ninasema vyombo vya kazi, mbegu na dawa. Kesia anatuma feza kutoka namba moja, anaandika ndani ya daftari: tarehe, jina la muuzaji na pahali anapokaa, namba ya shughuli, bei, na pesa ya aina gani, juu ukilipa kwa dola urudishiwe dola, si franga kwa bei ya siku wanayoitaka wao. Mzigo ukifika, sekretere anasoma namba ya loti kwa sauti, anaiandika kando ya jina la kila mwenye kuchukua, na anapiga foto ya etiketi kabla maji hayajaifikia. Karto inakaa katika bohari ya koperative mpaka msimu uishe. Na tusimalize kulipa kabla ya kuona. Sehemu ya tatu ya bei ibaki kwa kesia mpaka kitu kipimwe. Muuzaji anayekataa hilo, mara nyingi anajua sababu yake.

Koperative zilizoandikishwa ziko na nguvu ambayo hatuitumii. Kwa sheria ya OHADA juu ya koperative, ile ya tarehe 15 Desemba 2010 ambayo Kongo iliingia ndani yake mwaka 2012, koperative iliyo kwenye rejista ni kama mtu mbele ya sheria. Inaweza kununua, inaweza kudai, inaweza kushitaki kwa jina lake. Sisi tunaitumia kwa kupokea misaada na kuuza mchele. Kudai feza tunaenda kila mtu na telefone yake.

Kuna walionipinga. Yaya mmoja alisema, "Yule kijana wa komande ni mtoto wetu, tunajua mama yake, tutamtesa juu ya dola 25?" Nilimjibu kwamba tukiwa na barua na daftari hatumtesi, tunamsaidia. Naye atapeleka barua ile kwa bosi wake na atakuwa na kitu cha kuonyesha. Bila karatasi, yeye ndiye tunayemtukana sokoni. Mwingine akasema, "Mungu atalipa." Mungu analipa, ndiyo, lakini pompi zile hazikununuliwa kwake.

Mwingine alisema neno lenye uzito zaidi: wauzaji wengine wametoweka kabisa. Tangu mwanzo wa 2025, vita ilipofika Goma na Bukavu, mabenki kule yalifunga milango, na kuna wachuuzi waliohama bila kuaga. Kweli. Hata masoko makubwa ya intaneti yanafunga; Jumia iliacha Tanzania katika Novemba 2019. Juu ya hilo sina dawa, ila ile ya kutolipa yote kwa mara moja.

Tena muwe macho. Siku chache baada ya tangazo la pompi, wanamemba wawili walipigiwa telefone na mtu aliyejiita wa kampani. Alitaka namba yao ya siri ya M-Pesa "ili feza irudi". Mmoja alikuwa karibu kuitoa. Anayetaka kukutumia feza hahitaji namba yako ya siri. Anahitaji namba ya telefone tu, na hiyo anayo, juu amekupigia.

Sasa ninakuja kwenye neno ambalo wengine hawatalipenda. Sisi pia ni wauzaji. Karanga zetu zinakwenda Kindu na mbali zaidi. Tukizianika chini kwenye udongo, tukazifunga mbichi, zinapata ukungu, na ule ukungu unaleta sumu inayoitwa aflatoksini, ambayo kuchemsha na kukaanga hakuimalizi. Kenya, Novemba 2019, ilizuia aina tano za unga wa mahindi juu ya sumu hiyo, na mwanzo wa 2020 aina kadhaa za siagi ya karanga. Machi 2021 ilifunga mlango kwa mahindi ya Uganda na Tanzania, halafu ikaufungua kwa masharti ya vyeti. Siku mnunuzi wa Kindu atakapotupigia na kusema mifuko kumi ina ukungu, tutamwambia nini? Kwamba sisi ni wapatanishi tu? Ile daftari ninayoitaka iandikwe pande zote mbili: kilichoingia kwetu na kilichotoka, mfuko wa nani, wa siku gani. Na tuwe tayari kurudisha.

Ninasema hivi juu ya jambo moja ambalo halijaisha kwetu. Kati ya wale watano wasio na namba, wanne walileta pompi zao, tukazitoboa tanki ili mtu asizitumie tena, hata kuchotea maji. Wa tano hakuleta. Alisema hawezi kupoteza dola 25, akaiuza sokoni Salamabila kwa dola 15, kwa mtu asiyemjua. Komite ilimwita. Hakukataa. Alisema, "Nami niliuziwa, nami nikauza."

Tulimwamuru arudi kule na dola 15 mkononi, amtafute yule mtu, amrudishie feza na kuchukua pompi. Amekwenda mara mbili kwenye siku za soko, amesimama pale pale alipouzia, amewauliza wauza dawa na watu wa piki-piki. Mpaka ninapoandika haya hajamwona. Ni pompi ya buluu, ya lita 16, mshipi wake mmoja umeshonwa kwa uzi mweusi. Kama iko kwa mtu upande wa Kabambare, asiitie dawa. Amwambie prezida wa koperative iliyo karibu naye, na dola zake 15 ziko kwangu, ndani ya kesi.